Bandari Nzuri

Sisi tunaokaa kandokando ya ziwa Tanganika twajua kazi ya kusafiri wakati wa kiangazi, upepo wa kusini unapovuma. Mtumbwi huambaa ufuko, toka rasi hata rasi, na wapiga kasia hawaneni neno. Wakiisha kuingia katika hori yenye maji matulivu, ndipo kila mtu apumuapo. Mwenye kujua hayo atafahamu vema sura ya 27 ya Matendo ya Mitume. Wengi huisoma upesi ili wafike penye kuvunjika kwa merikebu. Leo tusimame kidogo mahali pa kabla ya hapo: Bandari Nzuri, katika kisiwa cha Kreta.

Ilikuwa karibu na mwaka 60. Mtakatifu Paulo alikuwa mfungwa, akipelekwa Roma kuhukumiwa mbele ya Kaisari. Mlinzi wake alikuwa Yulio, akida wa askari wa Kirumi. Luka naye alikuwamo safarini, ndiyo sababu asimulia kwa kusema «sisi». Huko Mira walipanda merikebu ya Aleksandria yenye shehena ya ngano. Maana Roma ilikula ngano ya Misri. Na Kaisari Klaudio, aliyetawala toka mwaka 41 hata 54, alikuwa amewaahidi wafanya biashara kuwalipa hasara ya tufani, mradi walete chakula hata siku za baridi. Basi wenye vyombo walizoea kubahatisha.

Walipofika mbele ya Knido, upepo uliwakatalia njia. Merikebu za siku zile zilikwenda kwa tanga moja kubwa la mraba; zilikimbia vizuri upepo ukiwa nyuma, lakini kushindana nao uso kwa uso ziliweza kidogo tu. Nahodha akageuza omo kusini, akapita rasi ya Salmone, akajificha upande wa kusini wa Kreta. Kisiwa hicho kina urefu wa kilometa 260 hivi, na milima yake mingine hupita meta 2,400. Hukinga upepo kama ukuta. Lakini ukuta huo una milango: upepo hushuka ghafula katika mabonde na kulipiga tanga. Kwenda mbali na pwani ni kuchukuliwa na bahari kuu. Kuikaribia mno ni kugonga mwamba. Luka asema kwa maneno machache tu kwamba waliambaa pwani kwa shida. Wenye kusafiri majini hawana haja ya kuambiwa zaidi. Mwishowe wakafika Bandari Nzuri, karibu na mji wa Lasea. Mahali pale pangali na jina lile hata leo kwa Kigiriki, Kaloi Limenes, na visiwa vidogo vyaikinga hori.

Kwa nini wasiendelee? Kwa sababu mbele kidogo pwani yageuka kuelekea kaskazini, na kinga ya milima yakoma. Tena Siku ya Kufunga ya Wayahudi, iliyo mwezi wa Septemba au Oktoba, ilikuwa imekwisha kupita, na wakati mbaya wa bahari ulikuwa mlangoni. Ndipo Paulo alipowaonya wasiondoke. Hakusema kama mgeni wa bahari: alikuwa amekwisha kuwaandikia Wakorinto kwamba alivunjikiwa chombo mara tatu. Lakini nani amsikilize mfungwa? Akida alimwamini nahodha na mwenye merikebu. Walio wengi walitaka kufika Foinike, bandari nyingine ya Kreta, nayo haikuwa mbali. Wengi wape, husema Waswahili. Na tuseme haki: Luka mwenyewe akiri kwamba Bandari Nzuri haikufaa sana kwa kukaa siku za baridi. Shauri lao halikuwa la wapumbavu. Upepo mwanana wa kusini ukavuma, wakang'oa nanga.

Punde si punde tufani ya kaskazini-mashariki ikawashukia toka milimani. Ikawachukua usiku 14. Mwaka 1848 Mskoti mmoja, James Smith, mzoefu wa vyombo vya tanga, alitoa hesabu yake: toka kisiwa cha Kauda hata Malta, chombo kilichochukuliwa hivyo kingehitaji siku 13 na zaidi kidogo. Kumbe Luka hakukosea. Ngano ikatupwa, merikebu ikavunjika. Lakini watu wote 276 walifika nchi kavu.

Tumtazame akida. Kabla ya kuvunjika merikebu, mabaharia walitaka kutoroka kwa mashua. Paulo akasema tena, na safari hii akida alisikia: askari wakazikata kamba, mashua ikaenda zake. Mfungwa alikuwa yule yule, na minyororo ile ile. Ni tufani iliyomfundisha Yulio kusikiliza.

Katika mabaraza yetu, hata nyumbani mwetu, mara nyingi yumo mtu asiye na cheo aliyekwisha kuvunjikiwa mara tatu. Tumwulize tungali bandarini.