Durkheim na Darasa la Walimu

Elimu mpya aghalabu huingia chuoni kama mgeni asiyealikwa: hupewa nafasi pembeni, tena kwa masharti. Ndivyo sosiolojia, yaani elimu ya jamii, ilivyoingia katika vyuo vikuu vya Ufaransa. Mwaka 1887 Émile Durkheim, aliyekuwa na umri wa miaka 29, aliitwa kufundisha mjini Bordeaux. Wajibu wake ulikuwa kuwafundisha walimu kazi ya malezi; elimu ya jamii ilipata nafasi ubavuni mwake.

Haja ya walimu wale ilikuwa kubwa. Sheria ya mwaka 1882 ilikuwa imemlazimisha kila mtoto wa miaka 6 hadi 13 kusoma, na kuliondoa somo la dini katika shule za serikali. Basi wema ungefundishwa juu ya msingi gani? Wahenga wa Kiswahili husema mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Durkheim alirudi hatua moja nyuma, akauliza mlezi naye amelelewa na nini. Jibu lake lilikuwa jamii. Wema, alifundisha, una nguzo tatu: nidhamu, mapenzi kwa kundi, na akili inayofahamu kwa nini inatii.

Fundisho hilo lilikuwa na hatari yake. Ikiwa jamii ndiyo chemchemi ya wema, nani ataikosoa jamii inapodhulumu? Nguzo ya tatu ndiyo iliyobeba uzito huo, wala haikubaki maneno ya darasani. Mwaka 1898, taifa lilipogawanyika kwa ajili ya Dreyfus, askari aliyehukumiwa pasipo haki, Durkheim aliandika hadharani kutetea heshima ya mtu mmoja mbele ya wengi.

Mwaka 1902 alikwenda Sorbonne, Paris, kushika nafasi ya Ferdinand Buisson. Huko aliwafundisha vijana waliojitayarisha kuwa walimu wa shule za sekondari. Kila mmoja alilijua somo lake, huyu Kilatini, yule hesabu, lakini shule yenyewe hawakuijua. Durkheim hakuwapa kanuni za kukariri. Aliwapa historia ya shule ya Kifaransa tangu Kanisa la kale, Chuo Kikuu cha Paris na Wajesuti, ili waone kwamba kila zama ilijenga shule kwa mfano wa mtu iliyemtamani.

Mwaka 1913 jina la sosiolojia liliongezwa katika cheo cha kiti chake, baada ya jina la elimu ya malezi. Mgeni alikuwa amekuwa mwenyeji. Mwaka uliofuata vita vikazuka, vikawachukua wanafunzi wake wengi, na mwaka 1915 vikamchukua André, mwanawe. Baba alifariki mwaka 1917. Mihadhara yake juu ya wema ilichapwa mwaka 1925, na ile ya historia ya shule mwaka 1938. Waliobaki hai miongoni mwa wafuasi wake ndio waliofanya kazi hiyo. Deni la kizazi kwa kizazi, ambalo mwalimu alilieleza kwa maneno, wao walililipa kwa vitendo.