Binadamu

Asili ya neno hili ni Kiarabu: bin Adamu, yaani mwana wa kiume wa Adamu. Kwa Mswahili uanaume huo uliyeyuka zamani. Bibi harusi ni binadamu, bwana harusi vilevile.

Kiingereza kilihitaji kusukumwa. Rasimu ya Tamko la Haki za Binadamu ilitumia neno “wanaume” kumaanisha watu wote. Hansa Mehta, mjumbe wa India, akalipinga. Tamko lilipopitishwa Paris, Desemba 10, 1948, Ibara ya 1 ilitaja binadamu wote.

Nasi tusijisifu. Mwanamume akiandika habari ni mwandishi. Mwanamke mara nyingi huitwa “mwandishi wa kike”. Ibara ya 19 ya Tamko hilo, inayolinda uhuru wa maoni, haibagui. Wahariri, futeni “wa kike”. Mwandishi yatosha.