Ishara za Unix na Swali la Wakati wa Kupokea Taarifa, 1979–2024

Makala haya yanajadili namna programu inavyopata taarifa ya tukio lisilofuata mpangilio wa maagizo yake yenyewe: mtumiaji anabonyeza kitufe cha kukatiza kazi, muda uliowekwa unakwisha, au mchakato mtoto unafikia mwisho. Mfano unaochunguzwa ni ishara za Unix, mfumo endeshi ulioanzishwa mwaka 1969 na Ken Thompson na Dennis Ritchie katika maabara za Bell, Marekani. Historia hiyo inaweza kusomwa kama mfululizo wa marekebisho ya kiufundi. Hoja ya makala haya ni kwamba marekebisho hayo yote yalijibu swali moja: nani anaamua wakati wa taarifa kupokewa, anayeileta au anayeipokea?

Katika Toleo la 7 la Unix, lililotoka mwaka 1979, jibu lilikuwa wazi: aliyeamua ni mleta taarifa. Programu ilitumia mwito wa mfumo uitwao signal kutaja msimbo ambao ungetekelezwa ishara ikifika. Ishara ilipofika, kerneli iliikatiza programu popote ilipokuwa na kuanza kutekeleza msimbo huo. Hata hivyo, kabla ya kufanya hivyo, kerneli ilirejesha mwitikio wa awali, ambao kwa ishara nyingi ulikuwa kuua mchakato. Ilibidi msimbo ujiandikishe upya kila mara. Hivyo palibaki mwanya mfupi kati ya kuwasili kwa ishara na kujiandikisha upya. Ishara ya pili ilipoangukia katika mwanya huo, programu iliuawa hata kama mwandishi wake alikuwa amechukua kila tahadhari.

Marekebisho ya kwanza yalilenga mwanya huo. Toleo la 4.2BSD la Chuo Kikuu cha California, Berkeley, la mwaka 1983, liliacha msimbo uliosajiliwa ubaki mahali pake, na likaiwezesha programu kuzuia ishara kwa muda bila kuipoteza. Kiwango cha POSIX cha mwaka 1988 kiliyaingiza mawazo hayo katika miito kama sigaction na sigprocmask. Kwa mara ya kwanza mpokeaji alipata sauti katika kuamua wakati. Pamoja na hayo, sauti hiyo ilikuwa na mipaka. Ishara ya aina moja ikiletwa mara tano wakati imezuiwa, kwa kawaida programu hupokea moja tu baadaye. Ishara zenye kupanga foleni na kubeba data zilikuja na nyongeza ya POSIX ya mwaka 1993.

Tatizo la ndani zaidi halikuondoka. Tuseme programu imo katikati ya kugawa kumbukumbu, orodha zake za ndani zikiwa hazijakamilika. Ishara inafika, na msimbo wake nao unaomba kumbukumbu. Orodha ile ile inaguswa ikiwa nusu tayari, na matokeo yake hayatabiriki. Ndiyo maana POSIX huorodhesha kazi chache tu zinazoruhusiwa kuitwa ndani ya msimbo wa ishara. Printf na malloc hazimo.

Watengenezaji wa programu walijibu kwa kubadili njia. Katika hila inayonasibishwa na Daniel J. Bernstein, msimbo wa ishara haufanyi kazi yoyote isipokuwa kuandika baiti moja katika bomba ambalo programu hiyo hiyo inalisoma. Mzunguko mkuu wa programu, unaosubiri kwa mwito kama select, huikuta baiti hiyo kwa zamu yake. Taarifa haivamii tena. Inabisha hodi na kungoja mlangoni. Baadaye kerneli zenyewe zilikubali mtazamo huo: kqueue ya FreeBSD mwaka 2000, na signalfd ya Linux mwaka 2007, ambayo huifanya ishara isomwe kama faili.

Je, suala hili limekuwa la kihistoria tu? Tukio la Julai 2024 linakanusha. Watafiti wa Qualys walitangaza udhaifu katika seva ya OpenSSH: mtu aliposhindwa kujitambulisha ndani ya muda uliowekwa, ambao kwa kawaida ni sekunde 120, ishara ya saa iliendesha msimbo ulioita kazi ya kuandika kumbukumbu za matukio, ambayo katika Linux zenye maktaba ya glibc haikuwa salama kuitwa hapo. Mshambuliaji wa mbali angeweza kupata mamlaka ya juu kabisa ya mashine. Kasoro hiyo ilikuwa imerekebishwa mwaka 2006, kisha ikarudi kwa badiliko la msimbo la mwaka 2020. OpenBSD haikuathirika, kwa kuwa tangu mwaka 2001 ilikuwa na namna salama ya kazi hiyo.

Inahitimishwa kwamba kosa la mwaka 1979 na la mwaka 2024 ni la ukoo mmoja. Katika yote mawili, taarifa ilifika salama. Kilichokosekana ni uhuru wa mpokeaji kuipokea akiwa tayari. Kwa hiyo utafiti wa usalama wa programu hauna budi kuchunguza wakati wa kupokea taarifa kwa uzito ule ule unaopewa maudhui yake.