Neno 'Boi' na Heshima ya Mtu

Wahenga wetu walisema kuwa jina jema hung'ara gizani. Katika makala haya tunakusudia kulitazama neno moja dogo la Kiingereza, neno 'boy', ambalo mwanafunzi hufundishwa mapema kuwa maana yake ni mtoto wa kiume. Maana hiyo ni sahihi, lakini siyo ya pekee, wala siyo ya kwanza.

Katika maandishi ya kale ya Kiingereza, yapata mwaka 1300, neno hilo lilimtaja mtumishi au mtu wa hali ya chini. Maana ya mtoto wa kiume ilishika nguvu baadaye. Hatimaye neno likapata hata mapenzi na fahari: wazee waliosoma pamoja huitana hivyo kwa furaha, na Baden-Powell alipoandika kitabu chake cha uskauti mwaka 1908 aliliweka katika jina la kitabu kwa heshima kamili.

Hata hivyo, maana ya utumishi haikufa. Ilisafiri na wakoloni hadi Bara Hindi na Afrika. Hapa Tanganyika, mpishi mwenye mvi na wajukuu aliitwa 'boy' na bibi mwenye umri wa binti yake. Kiswahili kikalipokea neno: boi, maboi, na kazi yenyewe uboi. Ferdinand Oyono wa Cameroon alipotoa riwaya yake ya Kifaransa mwaka 1956, neno hilo la Kiingereza lilikaa katika jina la riwaya bila kutafsiriwa. Huko Marekani nako wanaume weusi waliitwa hivyo hata uzeeni. Ndiyo maana wazoa taka wa Memphis, walipogoma mwaka 1968, walibeba mabango ya kutangaza kwamba kila mmoja wao ni mwanamume.

Ubaya wa neno hilo ulikuwa wapi? Mtoto hana amri, naye huamuliwa mambo yake na mlezi. Kumwita mtu mzima mtoto ni kumwambia kuwa hatakua kamwe. Na hayo hayo ndiyo yaliyosemwa juu ya nchi nzima. Mkataba wa Shirikisho la Mataifa wa mwaka 1919 ulidai kuwa watu wa makoloni yaliyotwaliwa katika vita hawajaweza kusimama peke yao, na kwa hoja hiyo Tanganyika ikakabidhiwa Uingereza iilee. Boi wa jikoni na nchi ya udhamini walikuwa chini ya fikra moja.

Wenye kazi hawakunyamaza. Katika miaka ya 1940 wapishi, madobi na watumishi wa nyumbani wa Dar es Salaam waliunda chama chao, na katika jina lake walijitaja kwa kazi zao, hawakujiita maboi. Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, neno 'ndugu' lilienea maofisini na mikutanoni, likatumika kwa waziri na kwa tarishi.

Lakini tusiwalaumu wageni peke yao. Lugha yetu ilikuwa na 'mtwana' na 'kijakazi' kabla ya Mwingereza kufika. Na leo, miongo mingi baada ya Uhuru wa 1961, bado tunamwita mama mzima 'hausigeli' ilhali yeye ndiye anayetulelea watoto. Mkoloni aliondoka, neno lake tumelipa hifadhi nyumbani mwetu.

Basi walimu na wanafunzi, tunapofundisha na kujifunza maneno ya kigeni, tusiishie katika tafsiri ya kamusi. Tuulize pia: nani humwita nani hivyo, na je, anayeitwa huridhika?