Tajnisi: hatua za mwisho za uraia katika makazi ya Katumba, Mishamo na Ulyankulu

Neno tajnisi limetoka katika Kiarabu, na mzizi wake ndio uliozaa pia jinsi na jinsia. Kwa asili, kumpa mtu tajnisi ni kumwingiza katika jinsi ya wengine, ahesabiwe kuwa mmoja wao. Sheria ya Uraia ya Tanzania ya mwaka 1995 inautambua uraia wa kuzaliwa, wa kurithi na wa tajnisi. Makala haya yanachunguza lini hasa mwombaji wa tajnisi huwa raia: ni siku ya kukubaliwa, au ni siku ya kukabidhiwa hati?

Kwa mujibu wa sheria hiyo, mwombaji sharti awe amekaa nchini miaka kadhaa, awe na mwenendo mwema, na ajue Kiswahili au Kiingereza. Akikubaliwa, huukana uraia wake wa awali, hula kiapo cha utii, kisha hupewa hati. Katika maandishi hatua hizo hufuatana bila pengo. Historia, hata hivyo, inaonyesha vingine.

Mwaka 1972 mauaji ya Burundi yaliwasukuma watu wengi kukimbilia Rwanda, Zaire na Tanzania. Waliovuka kuingia Tanzania walipewa ardhi katika makazi ya Ulyankulu, mkoani Tabora, na ya Katumba na Mishamo, katika eneo ambalo sasa ni Mkoa wa Katavi. Walilima, wakajitosheleza kwa chakula, wakazaa watoto waliosoma kwa Kiswahili na wasioijua Burundi ila kwa masimulizi ya wazee.

Mwaka 2007 wakimbizi hao waliulizwa wachague kurudi au kubaki. Takriban mmoja kati ya watano alichagua kurudi. Waliosalia waliomba tajnisi. Serikali iliwapunguzia ada, na mwaka 2010 ikatangazwa kwamba watu wapatao 162,000 wamekubaliwa.

Hapo ndipo pengo lilipojitokeza. Ilitakiwa makazi yafungwe na raia wapya wahamie mikoa mingine. Hati zingetolewa baada ya kuhama. Mpango wa kuwahamisha ulisimamishwa mwaka 2011, na hati nazo zikazuiliwa. Wengi wao walibaki kati ya milango miwili: uraia wa Burundi wameukana, na wa Tanzania hawana karatasi ya kuuthibitisha. Mkulima hakujua kama apande miti au afungashe mizigo, maana shamba lenyewe lilikuwa katika makazi yaliyotarajiwa kufungwa.

Oktoba 2014 ugawaji wa hati ulianza, sharti la kuhama likiwa limeondolewa. Ndivyo walivyopata kubaki pale walipokwisha kuzika wazee wao.

Mafunzo mawili yanajitokeza. Kwanza, hati si pambo la kumalizia sherehe: bila hiyo, tamko la serikali halimfikii mtu mmoja mmoja. Pili, sheria ilidai ujuzi wa lugha, na lugha walikuwa nayo zamani. Kilichokosekana ni ushahidi wa maandishi. Kwa jamii za mashariki mwa Kongo, ambako suala la uraia limezusha migogoro mikali, na ambako wengi wamekimbilia kambi ya Nyarugusu, mkoani Kigoma, tangu 1996, historia hii yastahili kusomwa kwa makini. Jinsi ya watu hupatikana kwa kuishi pamoja. Uraia hauna budi kuandikwa.