Chuo Kilichokuja kwa Posta

Huenda leo katika mji wa Nyamira ukamkuta mwalimu aliyefundisha watoto mchana kutwa, na usiku, watu wa nyumbani wakiisha kulala, mwenyewe akageuka kuwa mwanafunzi. Hufungua kompyuta au simu yake, humsikiliza mhadhiri aliye mbali, huandika majibu na kuyapeleka kwa intaneti. Akifaulu, atapewa shahada bila ya kuacha kazi yake hata muhula mmoja. Ukidhani kwamba jambo hili lilizaliwa pamoja na intaneti, umekosea. Mzizi wake ni wa kale kuliko reli ya kwanza ya nchi yetu.

Mwaka 1858 Chuo Kikuu cha London kilipata hati mpya iliyokiruhusu kumtahini mtu ambaye hakupata kamwe kuketi darasani mwa chuo kilichoshirikiana nacho. Mwaka 1865 mitihani yake ilivuka bahari ikafanywa katika kisiwa cha Mauritius. Tangu hapo karani au mwalimu aliweza kusoma peke yake, penginepo mbali sana, kisha akajibu maswali yale yale waliyoulizwa wengine. Maneno hayo, "yale yale", yashike vizuri, maana ndiyo yaliyoipa shahada hiyo heshima. Mtahini hakuuliza mtu amesomea wapi. Aliuliza anajua nini.

Katika Kenya ya wakoloni, milango ya elimu ya juu ilikuwa michache na myembamba. Aliyekosa karo alitoka shuleni akatafuta kazi. Tom Mboya alikuwa mmoja wao. Aliacha masomo ya Mang'u kwa uhaba wa fedha, akajifunza kazi ya bwana afya, na mwaka 1951 akaajiriwa na baraza la mji wa Nairobi. Huku akikagua usafi wa mji, alisoma kwa njia ya posta masomo yaliyotoka katika chuo kimoja cha Afrika Kusini. Mwaka 1955 alikwenda kusoma Ruskin College, Oxford, na baadaye akawa waziri.

Uhuru ulipopatikana mwaka 1963, shule zilihitaji walimu, na wengi wa waliokuwapo walikuwa na elimu kidogo. Kuwaita wote vyuoni kungalifunga madarasa. Kwa hiyo mwaka 1967 chuo kikuu kishiriki cha Nairobi kilianzisha idara ya masomo kwa posta huko Kikuyu, kwa msaada wa Marekani. Masomo yalifuatana na vipindi vya redio ya Sauti ya Kenya.

Hebu tuseme wewe ni mwalimu wa miaka hiyo katika vilima vya Nyamira, nchi iliyokuwa bado sehemu ya Wilaya ya Kisii. Asubuhi unafundisha. Jioni kuna ng'ombe, kuna kuni, kuna mtoto mwenye homa. Usiku unawasha koroboi, unafungua bahasha, unaandika jibu la hesabu. Kesho yake unalitia posta, nawe unangoja. Siku zinapita. Karatasi inaporudi na wino mwekundu, umekwisha sahau ulikwama wapi. Kwa maoni yangu hiyo ndiyo iliyokuwa taabu kuu ya elimu ile. Umbali ulivumilika kuliko kungoja. Wala usidhani kwamba mwishoni ulipewa shahada. Ulipewa nafasi ya kufanya mtihani wa sekondari ya chini, na ukifaulu ulitumaini kutoka daraja la P3 kuingia P2, na mshahara wako kupanda. Walakini mwalimu mwenye mume na watoto, asiyeweza kuondoka kwenda chuoni, sasa chuo kilimjia nyumbani.

Shahada ilikuja baadaye. Mwaka 1986 Chuo Kikuu cha Nairobi kilifungua mafunzo ya shahada ya ualimu kwa walio kazini. Likizo ya wanafunzi wao ikawa muhula wao. Mwaka 2009 nyaya za intaneti zilizolazwa chini ya bahari zilifika Mombasa, na mwaka 2023 Chuo Kikuu Huria cha Kenya, chenye makao Konza, kilipewa hati yake.

Mwalimu wa leo wa Nyamira akiuliza swali saa nne za usiku, huenda akapata jibu kabla hajalala. Kungoja kule kumepungua sana. Lakini saa nne yenyewe haikuongezwa na mtu ye yote. Chai shambani hungoja kuchumwa alfajiri, kengele ya shule hulia saa ile ile, na muda wa kusoma huupata pale pale alipoupata mwenye koroboi: katika usingizi wake, na katika subira ya watu wa nyumbani mwake.