CHA ZAMANI AU KIPYA? Sehemu ya 5: Gitaa la Besi Fupi

Haya wapendwa, chupa za kunyonyeshea tumemaliza, vitanda vya watoto tumemaliza, rangi za ukutani nazo tumezipitia. Leo naingia kwenye muziki, na msinishangae, mtaona kwa nini ni kazi ya nesi pia.

Swali limeletwa inboksi na mama mmoja wa hapa hapa Mwanza. Binti yake ana miaka 11 na amechaguliwa kujifunza besi kwenye kwaya ya watoto. Kuna mzee anauza gitaa lake fupi la besi la miaka ya 1960, na dukani kuna fupi jipya, bei zinakaribiana. Baba mtoto anasema la zamani ndiyo gitaa, mbao ya kweli, haya mapya ni maboksi. Mama hana hakika. Wamekwama hapo wiki ya tatu.

Kwanza tuelewane hilo neno "fupi". Halipimwi kwa urefu wa gitaa zima. Unapima sehemu ya uzi inayolia, kuanzia kile kijiti cha juu shingoni mpaka uzi unapokalia kule chini kwenye briji. Besi ya kawaida ni inchi 34, yaani sentimita 86 na kidogo. Fupi ni inchi 30 hivi, sentimita 76. Tofauti ya sentimita kumi tu, lakini subiri nikuoneshe inavyofanya kazi kwenye mkono wa mtoto.

Sisi watu wa ziwa sauti nzito hatukuletewa na umeme. Wakurya wa Mara wana litungu, Wajaluo wana nyatiti, Wakisii wa upande wa Kenya wana obokano, lile kubwa linalonguruma mpaka wageni wakaliita kontrabasi ya Afrika Mashariki. Zote nyuzi nane. Daniel Owino Misiani, ambaye dunia inamjua kwa benga na bendi yake ya Shirati Jazz, alizaliwa mwaka 1940 huko huko Shirati, ufukweni mwa ziwa hili, Tanzania, ndipo akaenda kufanyia jina lake Kenya. Sikiliza benga yoyote: besi haikai nyuma inanung'unika, inakimbizana na solo kama watoto wawili uani. Kwa hiyo mtu akikwambia besi ni gitaa la kukaa kimya nyuma, mwambie huyo hajalelewa na ziwa.

Besi ya umeme yenyewe ina umri wa bibi zetu. Kabla yake kulikuwa na kontrabasi, lile dude la kusimama nalo, refu kuliko mpigaji. Hata bendi za Kongo za miaka ya 1950 zilikuwa nalo. Mwaka 1951 Leo Fender wa Marekani akatoa Precision Bass, ya kuvaa begani, na inchi 34 alizochagua yeye ndizo zikawa kawaida ya dunia. Lakini si wote walimfuata. Gibson walitoa yao mwaka 1953 ikiwa na inchi 30 na nusu. Höfner wa Ujerumani, katikati ya miaka hiyo ya 1950, wakatengeneza ya umbo la fidla, fupi, tupu ndani, kilo mbili na ushee tu. Mwaka 1961 kijana Paul McCartney wa The Beatles akainunua Hamburg. Hakuinunua kwa sababu ni ya kifahari. Ilikuwa rahisi, kama pauni 30, na kwa kuwa yeye ni wa mkono wa kushoto, umbo lililolingana pande zote halikuonekana kichekesho likigeuzwa.

Mwaka 1966 Fender naye akarudi kwenye ufupi. Akatoa Mustang Bass ya inchi 30, akiwalenga wanafunzi na wenye viganja vidogo. Na viwanda vya Japani miaka hiyo vilimwaga sokoni besi fupi za bei nafuu.

Nataka ulione hili, mama. Besi fupi ilizaliwa kwa ajili ya anayejifunza na mwenye mfuko mwembamba, ila haikubaki darasani. Tina Weymouth wa Talking Heads alipiga Mustang fupi kwenye majukwaa makubwa. Kwa hiyo binti akipewa fupi hajapewa mdoli. Na upande wa pili, Carol Kaye, mwanamke na mama wa watoto, alijaza studio za Los Angeles miaka ya 1960 akiwa na besi ndefu ya Fender, tena aliishika mwaka 1963 baada ya mpiga besi kutotokea kazini. Mwanamke na besi si jambo geni. Hata Dar es Salaam, miaka hiyo ya 1960, kulikuwa na bendi ya wanawake iliyoitwa Women Jazz. Ni baadaye tu ndipo tukazoea kwamba kwenye dansi mwanamke aimbe au acheze, vyombo washike wanaume.

Na vyombo vyenyewe vilikuwa vya nani? Hapa ndipo historia yetu inapoachana na ya Wazungu, na ndiyo sababu siamini haraka neno "vintage" likisemwa hapa kwetu. Katika muziki wa dansi mpigaji mara nyingi hakuwa na gitaa lake. Vyombo vilikuwa vya mwenye bendi au vya shirika: NUTA Jazz ya mwaka 1964 ilikuwa ya chama cha wafanyakazi, Mlimani Park ikawa chini ya DDC, shirika la maendeleo la Dar es Salaam. Mwanamuziki akihama, gitaa linabaki, anakuja mwingine analishika. Miaka ya 1980 fedha za kigeni zilipokauka, kipuri cha kitu chochote kilikuwa shida, sembuse cha gitaa. Fundi alitengeneza kwa alichonacho.

Basi gitaa la zamani la hapa limepita mikono mingi na mafundi wengi. Huko Ulaya "vintage" maana yake mara nyingi ni gitaa ambalo halijaguswa: skrubu zake, waya zake, rangi yake. Letu limeguswa, na wala si dhambi, ndivyo lilivyoishi. Ila usilipe bei ya kitu kisichoguswa.

Sasa nivae gauni langu jeupe.

Mkono. Mpiga besi anatandaza vidole vinne juu ya freti nne mfululizo, vile vyuma vilivyokatiza shingo. Karibu na kichwa cha gitaa, kutoka freti ya kwanza hadi ya nne ni sentimita 13 kwenye besi ndefu. Kwenye fupi ni sentimita 11 na nusu hivi. Chukua rula, mwambie mtoto atandaze kidole cha shahada na cha mwisho, utaona mwenyewe. Tena uzi ule ule, kwa sauti ile ile, unakazwa kidogo zaidi ukiwa mfupi: mvuto unapungua kwa zaidi ya asilimia 20. Mtoto habonyezi kwa kukunja uso. Hii faida wanayo wote wawili, wa zamani na wa sasa.

Lakini mbao inapinda. Shingo iliyovutwa na nyuzi miaka 55, masika na kiangazi, inaweza kuwa imeinama, nyuzi zikakaa juu mbali na freti. Hapo faida yote ya ufupi imepotea. Mtoto atabonyeza kwa nguvu, kifundo kitapinda, na baada ya mwezi utasikia "mama mkono unauma". Ukimbana afanye mazoezi ataacha kabisa, na utasema hana kipaji.

Umeme. Hapa ndipo roho yangu ilipo. Gitaa lenyewe haliui, linatoa umeme kiduchu tu. Ila nyuzi zake za chuma zimeungwa kwa waya mpaka kwenye ethi ya amplifaya. Ethi ikiwa nzima, nyuzi ni salama. Ethi ikiwa haipo, na amplifaya ina hitilafu, nyuzi zile zinaweza kubeba umeme wa ukutani, na mtoto amezikumbatia kwa mikono miwili, pengine yuko peku kwenye sakafu iliyopigwa deki asubuhi. Leslie Harvey, mpiga gitaa wa Stone the Crows, alikufa jukwaani Swansea, Uingereza, mwaka 1972 alipogusa maikrofoni isiyo na ethi sawasawa. Keith Relf wa The Yardbirds alikufa nyumbani kwake mwaka 1976 kwa gitaa lililounganishwa vibaya. Watu wazima, wazoefu.

Amplifaya za zamani za Marekani nyingi zilikuja na plagi ya pini mbili, hakuna ethi kabisa, na zimetengenezewa volti 120 wakati sisi tuna 230. Mzee akikuongezea amplifaya yake ya zamani "kama zawadi", mshukuru, iweke sebuleni kama pambo. Usiichomeke.

(Na hili lijue hata kama hununui gitaa: mtoto akinaswa na umeme usimshike. Zima swichi kuu kwanza. Ikishindikana msukume kwa mti mkavu. Kisha angalia kama anapumua. Kama hapumui, anza kumkandamiza kifua na mtu akimbilie msaada.)

Risasi. Wale wa sehemu ya 3 mnakumbuka: kiwango salama cha risasi kwenye damu ya mtoto hakijulikani, ndivyo linavyosema Shirika la Afya Duniani. Zamani waya za ndani ya gitaa ziliunganishwa kwa lehemu yenye risasi. Umoja wa Ulaya ulianza kuizuia kwenye vifaa vya umeme Julai 2006, na viwanda vingi vikafuata. Sitaki kukutisha bure: lehemu imefungiwa ndani, kupiga gitaa hakumpi mtoto risasi. Tatizo ni pale anapoletwa fundi, anafungua gitaa juu ya meza ya kulia chakula, anachoma na kukwangua, na mdogo wake anatambaa chini. Ukarabati ufanyike kwa fundi, na la rangi inayobanduka lisikae karibu na mtoto mwenye tabia ya kung'ata vitu.

Masikio ni sawa kwa gitaa lolote. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa vifaa vya kusikilizia unaweka desibeli 75 kwa saa 40 za wiki kwa watoto, na kila ukiongeza desibeli 3 muda unakatwa nusu. Mazoezini mtoto asisimame mbele ya spika. Basi.

Sasa ipi? Kwa mtoto wa miaka 11 anayeanza, mimi nasema jipya. Si kwa sababu la zamani ni baya. Besi ya zamani iliyo nzima ina utamu wake, hasa ikiwekwa nyuzi laini zilizosagwa, zile zinazotoa "dum" nene bila mlio wa chuma. Lakini mwanafunzi hawezi kujua kama sauti mbaya ni ya mkono wake au ya gitaa, na hilo linavunja moyo. Hata ile Höfner ya McCartney ya mwaka 1961, iliyoibwa London mwaka 1972 na kurudishwa kwake, habari ikitangazwa Februari 2024, ilibidi ipite kwa fundi kwanza ndipo ipigwe tena. Na hiyo ndiyo besi maarufu kuliko zote duniani.

Baba anayependa la zamani naye asidharauliwe. Kama mzee atakubali, mwende naye mpiga besi wa kwaya na siyo muuzaji peke yake. Afunge jicho moja aangalie shingo kutoka kichwani hadi chini kama anavyoangalia ubao wa mtumbwi. Apige kila freti kwenye kila uzi, asikie kama kuna inayokwaruza au kuzimika. Azungushe vifundo vya sauti. Aulize zinapopatikana nyuzi fupi, maana za besi ndefu zikikatwa vibaya zinalegea na kujifungua kichwani. Likipita yote hayo na bei ikashuka kiasi cha kulipia fundi, hoja ya baba ina uzito. Lisipopita, hela hiyo iende kwenye jipya, na itakayobaki iende kwa fundi umeme apime ethi ya chumba cha mazoezi. Mwombeni apime mbele yenu, soketi kwa soketi.

Sehemu ya 6 ni birika na sufuria za alumini. Mmeniuliza sana.